Baiskeli ya milimani inakuuma wapi? Tafuta chanzo kabla hujailaumu fremu

Watu wengi wakianza kuumia kwenye baiskeli ya milimani wana majibu mawili tu, ama siti mbaya ama fremu kubwa, wanaenda kununua siti mpya, hela inaondoka maumivu yanabaki palepale. Ukweli ni kwamba goti likiuma inaweza kuwa siti, vidole vikiingia ganzi inaweza kuwa siti hiyohiyo, na mgongo ukikaza inawezekana siti haina kosa lolote, usukani ndio uko mbali. Kwa hiyo hapa tunaenda kwa dalili. Tafuta panapokuuma, au kile baiskeli inachokufanyia njiani, halafu kagua vyanzo kuanzia vile vya bure mpaka vile vya kutoa hela.

Kanuni ya kushika ni moja: miguu kwanza, makalio pili, mikono mwisho. Pedali huwezi kuzihamisha, ziko kwenye kranki (ile mikono ya chuma inayozungushwa na pedali), kwa hiyo siti inapangwa kufuata pedali, na usukani unapangwa kufuata siti. Ukigeuza mpangilio huo, yaani usukani uko mbali na wewe unasukuma siti mbele ili uufikie, umetibu mkono umeumiza goti, na wiki ijayo utaanza kutafuta dawa ya goti wakati ugonjwa umeuleta mwenyewe. Hili nimeliona kwa watu wengi mno, na mafundi wengine ndio wanaoshauri hivyo.

Kabla hujashika alenki

Andaa futi kamba, alenki (funguo za pembe sita) za saizi tofauti, pima maji (hata ile ya kwenye simu inatosha), selotepu na maka peni. Zungushia selotepu nguzo ya siti (lile bomba linalobeba siti) pale inapozama kwenye fremu, andika urefu toka katikati ya ekseli ya kranki mpaka juu ya siti, pima pia toka ncha ya siti mpaka katikati ya usukani. Ukivuruga mambo unajua pa kurudi. Halafu gusa kitu kimoja tu, endesha mara kadhaa, ndipo uguse kingine, maana ukibadilisha siti na stemu (kile kipande kinachoshika usukani) na upepo wa tairi jioni moja halafu maumivu yakaisha hujui nani kayamaliza, na yakizidi hujui nani kayaleta.

Jipime na mguu. Vua viatu, egemea ukuta, banisha kitabu kigumu katikati ya mapaja ukipandishe mpaka kiguse mwili kama siti inavyokugusa, pima toka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa kitabu. Namba hiyo utaihitaji.

Na kitu kimoja ambacho watu wanakiruka: saspensheni. Kama baiskeli yako ina shokapu nyuma, ukikaa na nguo zako zote za safari inatakiwa ilale kiasi fulani (ndiyo inaitwa sagi), na kwa baiskeli nyingi za njia za porini ni kama asilimia 25 mpaka 30 ya urefu wa kazi yake. Shokapu yenye 55 mm ikilala 16 mm hivi uko sawa. Foku ya mbele (ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele) ni kidogo zaidi, asilimia 15 mpaka 20 kwa wengi. Ikilala mno nyuma, baiskeli nzima inainamia kule, siti inarudi, usukani unapanda, na wewe unaweza kumaliza mwezi mzima unahangaika na stemu kumbe shokapu haina upepo. Kagua hilo kwanza.

Goti linauma mbele, kwenye pia ya goti au chini yake

Mshukiwa wa kwanza ni siti kuwa chini. Goti linakunjika sana kila mzunguko halafu linasukuma likiwa bado limekunjwa, na mzigo unaishia kwenye pia. Kipimo cha haraka, kaa kwenye siti umeshika ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa (kwenye mstari na bomba la siti, yaani lile la fremu ambamo nguzo ya siti inazama), mguu unatakiwa kunyooka bila kiuno kuinama upande. Ukiweka mguu unavyoendesha kawaida, yaani sehemu pana ya unyayo ikiwa juu ya pedali, goti litabaki na mkunjo kidogo, nyuzi 25 mpaka 35 ndio eneo linalowafaa wengi.

Njia nyingine ni ya hesabu, chukua urefu wa mguu uliopima zidisha kwa 0.883, unapata umbali wa toka katikati ya kranki mpaka juu ya siti. Mguu wa sentimita 80 unakupa 70.6. Kanuni hii ilitoka kwa waendesha baiskeli za barabarani, na inahusishwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu, kwa hiyo kwenye njia za porini ichukue kama pa kuanzia tu. Viatu vyenye soli nene, pedali bapa, kranki ndefu au fupi, vyote vinaivuruga kwa milimita kadhaa. Wengi wa milimani wanaishia chini kidogo ya namba hiyo na hawana shida yoyote.

Kama urefu uko sawa na bado linauma mbele, angalia kama siti imesukumwa mbele mno kwenye reli zake (vile vyuma viwili vya chini ya siti). Kuna kile kipimo cha kamba ya timazi toka mbele ya goti ikianguka kwenye ekseli ya pedali, pedali ikiwa mbele imelala sawa. Fundi mmoja atakuambia ni sheria, mwingine atakuambia ni upuuzi. Mi naona kwa baiskeli za milimani za siku hizi, ambazo bomba la siti limesimama sana, kamba itaanguka mbele ya ekseli na hilo peke yake sio ugonjwa. Usilitumie kama hukumu, litumie tu kujua umesogeza kiasi gani.

Ukirudisha siti nyuma kumbuka inakuwa pia mbali zaidi na pedali, kwa hiyo kila ukirudisha 10 mm shusha kama 3 mm.

Halafu kuna sababu ambayo sio ya kipimo kabisa, gia nzito. Mtu anapanda mlima kwenye gia kubwa anasukuma taratibu kama anabeba gunia, goti linalia, analaumu fremu. Shusha gia uone kwanza.

Goti linauma nyuma, au kiuno kinacheza kushoto kulia

Hapo ni kinyume, siti iko juu sana au imerudi nyuma sana. Mwambie mtu akurekodi na simu kwa nyuma ukikanyaga kwa nguvu ya kawaida. Makalio yakiwa yanapanda na kushuka upande mmoja mmoja, kama unatafuta pedali kwa vidole, shusha siti 5 mm, jaribu, shusha tena. Misuli ya nyuma ya paja ikivutwa kila mzunguko ndio inakuletea yale maumivu nyuma ya goti, na kiuno kinachocheza ndio kinachokusugua msamba mpaka ukatafuta siti laini zaidi isiyokuwa na kosa. Dalili tatu, chanzo kimoja.

Goti linauma upande wa ndani au wa nje

Hapa usianze na siti, anza na mguu. Kama unatumia viatu vya kubana kwenye pedali, angalia kliti (vile vipande vya chini ya kiatu vinavyonasa pedali) zimeelekea wapi. Kaa juu ya meza miguu ikining'inia, utaona vidole vyako vinaelekea nje au mbele kiasili, kila mguu na tabia yake, kliti inatakiwa ifuate hivyo na isikulazimishe. Kwenye pedali bapa mguu unajipanga wenyewe, ndiyo maana mtu anaweza kuhama toka bapa kwenda za kubana na maumivu yakaanza wiki hiyohiyo. Siti iliyo juu mno nayo inaweza kuleta maumivu ya nje ya goti, kwa hiyo kama kile kipimo cha video hukukifanya rudi ukafanye.

Goti likivimba, au likiuma hata ukiwa umelala, baiskeli weka pembeni nenda kwa daktari.

Nyonga inabana mguu ukiwa juu

Kuna watu siti iko sawa, goti liko sawa, ila mguu ukifika juu ya mzunguko nyonga inakataa, goti linafunguka nje. Mara nyingi kranki ni ndefu kwa mwili huo. Baiskeli nyingi zilikuja na 175 mm au 170 mm bila kujali mnunuzi ana miguu ya urefu gani. Ukihama toka 175 kwenda 165 unapandisha siti 10 mm ili mguu unyooke vilevile chini, na pale juu pedali imeshuka 10 mm nyingine, kwa hiyo jumla goti lako limepata nafasi ya 20 mm. Ni mabadiliko makubwa kuliko namba inavyoonekana. Faida ya ziada ni kwamba pedali hazigongi mawe ovyo. Sio ya bure hii, kwa hiyo ifanye baada ya kumaliza mengine.

Makalio yanauma, au ganzi huko chini

Tofautisha mambo mawili. Maumivu kwenye mifupa miwili ya kukalia kwa safari za mwanzoni ni kawaida, mwili unazoea. Ganzi kwenye sehemu nyeti sio ya kuzoea, maana inamaanisha mishipa ya fahamu na ya damu inabanwa.

Chukua pima maji weka juu ya siti. Ncha ikiwa imeelekea juu ishushe mpaka siti ilale sawa, au ncha ichungulie chini nyuzi 1 mpaka 3. Usizidishe, ukiinamisha sana utakuwa unateleza mbele na kujizuia kwa mikono, na hapo utahamia kwenye sura ya ganzi ya vidole. Kama siti iko sawa, rudia urefu wake, kisha umbali wa usukani, kwa sababu mtu aliyenyooshwa sana nyonga inazunguka mbele na uzito unahama toka kwenye mifupa kwenda kwenye nyama laini.

Ukishamaliza hayo ndio uanze kuwaza siti yenyewe, na kinachotakiwa hapo ni upana. Kaa juu ya kipande cha boksi gumu kilichowekwa kwenye ngazi au stuli ngumu, inama kidogo, nyanyuka, utaona mashimo mawili. Pima katikati mpaka katikati, ongeza sentimita 2 mpaka 3, huo ndio upana wa kutafuta. Ulaini unadanganya, siti nene yenye sponji nyingi inafurahisha kwa dakika chache halafu mifupa inazama na sponji inapanda kubana katikati. Na zile kaptula zenye pedi huvaliwa bila chupi, najua kuna watu hawaambiwi.

Vidole vinaingia ganzi, viganja vinawaka

Hii ndiyo malalamiko yenye vyanzo vingi kuliko yote kwa hiyo tulia nayo. Anza kwa kuangalia ni vidole gani. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete inatoka kwenye mshipa wa fahamu unaopita pembeni ya kiganja, upande wa kidole kidogo, unabanwa pale unapolalia usukani. Ganzi ya gumba, cha shahada na cha kati inatoka kwenye mshipa mwingine unaopita katikati ya kifundo cha mkono, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono, na huo unabanwa zaidi mkono ukiwa umekunjwa kwa nyuma.

Kwanza uzito. Kaa kwenye siti njia ikiwa tambarare, unaendesha kawaida, halafu legeza mikono mpaka vidole viguse tu usukani. Kama unaanguka mbele, mikono yako inafanya kazi ya nguzo. Sababu zake kwa mpangilio: ncha ya siti imeshuka mno, siti imekwenda mbele mno (mkumbuke yule aliyesogeza siti ili aufikie usukani, huyu ndiye), usukani uko chini mno. Usukani unapandishwa bure kama kuna ringi (vipete vya kujazia nafasi) juu ya stemu, unazihamishia chini. Jua tu kwamba bomba la mbele la fremu, lile linaloshika foku, limeinama, kwa hiyo ukipandisha 10 mm kwenye baiskeli yenye pembe ya nyuzi 65 usukani pia unarudi kwako kama 4 mm. Wengine ndicho wanachotaka, wengine hapana. Ringi zikiisha tafuta usukani uliopinda juu zaidi, wa 30 au 40 mm badala ya ule bapa.

Pili leva za breki. Simama kwenye pedali ukiwa umekunja viwiko kama unashuka mlima, mtu akuangalie kwa pembeni: mkono toka kiwiko mpaka kidole kilicho kwenye breki uwe mstari mmoja. Leva zikiwa zimeelekea chini sana unakunja mkono kuzifuata. Zisogeze pia ndani, mbali na gripu (mpira wa kushikia), mpaka kidole cha shahada kidakie kwenye ile kona ya mwisho ya leva bila kuhamisha kiganja, breki za haidroliki zinakamatika kwa kidole kimoja. Kuna kiskrubu kidogo cha kuvuta leva karibu, wenye vidole vifupi mara nyingi hawajui kipo. Mikono inayokakamaa wakati wa kushuka, mpaka ukifika chini huwezi kufungua chupa ya maji, mara nyingi tiba yake iko kwenye hiyo skrubu, na nyingine iko kwenye foku iliyojazwa upepo mwingi au tairi gumu kama jiwe.

Tatu upana wa usukani. Baiskeli mpya zinakuja na 780 au 800 mm, za zamani zilikuwa chini ya 700. Usukani mpana unakupa nguvu ya kugeuza ila mikono ikifunguka sana mabega yanapanda, shingo inakaza, na kifua kinavutwa mbele, yaani ni kama umeongeza urefu wa baiskeli bila kujua. Lala chini kwa mtindo wa kupiga push-up, weka mikono pale unapohisi una nguvu zaidi, mtu akupimie toka ukingo wa nje wa kiganja mpaka mwingine. Kabla hujachukua msumeno, sogeza gripu na leva ndani 10 mm kila upande uendeshe hivyo muda fulani. Chuma kikishakatwa hakirudi, na ukikata kata kidogo kidogo, sawa pande zote.

Gripu nene kwa mkono mdogo au nyembamba kwa mkono mkubwa, hilo nalo lipo, bei yake ndogo, jaribu.

Mgongo wa chini na shingo

Mgongo ukianza kuuma kwenye milima mirefu pekee, kabla ya yote angalia siti kama iko juu (kiuno kikicheza mgongo ndio unaolipa) halafu gia nzito. Ukiuma hata kwenye tambarare, umenyooshwa mno au umekunjwa mno, na utajua kwa viwiko: vikiwa vimenyooka vimekaza, usukani uko mbali, magoti yakikaribia kugonga viwiko au usukani ukiwa unakata kona kali, uko karibu sana. Stemu ndio kazi yake hapa. Baiskeli za kisasa zinavaa stemu za 35 mpaka 50 mm, za zamani zilikuwa na 90 mpaka 120, na kufupisha 10 mm unaisikia kabisa. Ila stemu inafanya marekebisho ya sentimita moja au mbili tu, sio ya kuokoa fremu iliyokosewa.

Shingo, kama usukani sio mpana mno wala chini mno, hebu vua kile kikofia cha mbele cha helmeti au kipandishe. Kuna watu wanainua kichwa safari nzima kwa sababu kikofia kinawaziba njia.

Tairi la mbele linanyanyuka kwenye mlima mkali

Mwili hauumi lakini baiskeli inakataa kupanda. Uzito wako uko nyuma mno. Kagua ile sagi ya shokapu, kisha sogeza siti mbele (ndani ya mipaka ya goti), kisha shusha usukani kwa ringi. Baiskeli za zamani zina bomba la siti lililolala, nyuzi 71 mpaka 73, na mtu mwenye miguu mirefu akipandisha siti anazidi kurudi nyuma, karibu juu ya ekseli ya tairi la nyuma. Za sasa nyingi ziko 75 mpaka 78 na tatizo hili limepungua sana. Kama una ya zamani, nguzo ya siti iliyonyooka badala ya ile yenye mgongo wa kurudi nyuma inakupa milimita 20 hivi.

Kwenye kona tairi la mbele linateleza

Ukishakagua upepo wa tairi, tazama kama usukani umepanda sana. Watu wakiumwa mikono wanapandisha, wanapandisha, mwisho mbele hakuna uzito na tairi halishiki. Shusha ringi moja. Na baiskeli ndefu za sasa zinataka mwendeshaji anayesogea mbele mwenyewe, ukizoea kukaa nyuma kama kwenye baiskeli fupi ya zamani utaanguka hata kama kila kipimo kiko sahihi.

Kwenye kushuka unahisi utarushwa juu ya usukani

Siti kwanza. Siti iliyo sahihi kwa kukanyaga ni ya juu mno kwa kushuka, ndiyo maana ya dropa, ile nguzo ya siti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe. Kama huna, simama ushushe kwa mkono. Lakini dropa nayo ina hesabu yake na hapa ndipo watu wafupi wanapokwama. Chukua urefu wako wa siti, tuseme 68 cm, toa urefu wa bomba la siti la fremu, tuseme 46, inabaki 22. Siti yenyewe toka reli mpaka juu inakula kama 5, inabaki 17. Kichwa cha dropa na kola yake vinakula 4 mpaka 5. Kwa hiyo ya 150 mm haiwezi kuingia, ya 125 ndio inatosha, tena kwa kubana. Fremu ileile ikiwa na bomba la 42 cm mambo yanabadilika kabisa. Na kina cha ndani ya bomba kina mwisho wake pia, kupinda au bolti ya kishikio cha chupa inaweza kuzuia.

Kuhusu nguzo yoyote ya siti, ule mstari wa mwisho uliochorwa chini yake usionekane nje kamwe. Ukionekana, nguzo ni fupi kwako au fremu ni ndogo, na siku moja itavunja fremu au itakatika.

Vidole vya miguu vinaganda

Viatu vimebana au kliti ziko mbele mno. Rudisha kliti kuelekea kisigino, legeza kamba. Inayofuata.

Sasa, lini ni fremu kweli?

Ukishapanga siti kwa miguu halafu usukani bado uko mbali na stemu tayari ni ya 35, fremu ni ndefu kwako. Ukiwa umeweka stemu ya 60 na siti imerudi mpaka mwisho wa reli na bado magoti yanatafuta usukani, ni fupi. Ukiwa na siti juu kuliko usukani kwa pengo kubwa, ringi zote ziko chini na usukani uliopinda umeshaununua, mbele ni chini kwako. Dropa fupi kabisa isipoingia, bomba la siti ni refu kwako. Hizo nne, zingine zote ni za alenki.

Kusimama juu ya fremu uone kama chuma cha juu kinakugusa sio kipimo tena, fremu za sasa zimeinama sana karibu kila mtu anapita. Na zile inchi 16, 18, 20 zilikuwa za kupima bomba la siti, haziambii mikono yako kitu.

Kama unanunua, namba za kusoma kwenye jedwali la fremu ni hizi. Richi ni umbali wa mlalo toka mstari wa wima unaopita katikati ya kranki mpaka katikati ya mdomo wa bomba la mbele, huu ndio unaousikia ukiwa umesimama kwenye pedali. Staki ni urefu wa wima wa hapohapo. Bomba la juu la mlalo ndilo unalolisikia ukiwa umekaa, na hapa kuna mtego: fremu mbili zenye richi 450 na staki 620, moja ina pembe ya bomba la siti nyuzi 73 nyingine 77, ya kwanza inakupa kama 640 mm ukiwa umekaa, ya pili kama 593. Richi moja, herufi moja ya saizi, na tofauti ya sentimita karibu tano. Ndio maana M ya kampuni moja inaweza kukukaa vizuri na M ya nyingine ikakunyoosha kama kamba ya nguo.

Ukiwa katikati ya saizi mbili angalia mwili wako. Simama ukutani nyoosha mikono, pima ncha mpaka ncha. Mikono ikizidi urefu wako wa kimo, kubwa itakufaa. Miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, chukua ndogo lakini hakikisha staki haiko chini. Anayependa njia za kukatakata na kuruka anafurahia ndogo, anayeshuka kwa kasi kwenye mawe anafurahia kubwa, ila bomba la siti fupi ndilo linalokuruhusu kuchagua, likiwa refu limeshakuchagulia.

Ukiijaribu usizunguke tu uwanjani umekaa. Panga siti kwanza, simama kwenye pedali viwiko vimekunjwa, kata kona ndogo kila upande, panda kitu kikali ukiwa umekaa, shuka siti ikiwa chini. Kama ni ya kuagiza bila kuigusa, chukua richi, staki na bomba la juu la baiskeli unayoendesha sasa, andika pembeni kinachokukera (mbele mbali, mbele chini), halafu tafuta namba inayosogea upande huo kwa sentimita moja au mbili. Ukikuta inasogea kwa zaidi ya hapo, soma tena pembe ya bomba la siti kabla hujalipa.